Mzee wa soksi na vitabu

Jana usiku nilikuwa napekua picha za majengo ya zamani ya Ujerumani nikakwama kwenye moja tu mpaka saa nane. Ni duka la ghorofa kadhaa pale Chemnitz, uso wake umepinda kama upinde, madirisha yanapita mstari juu ya mstari, yani usiku taa zikiwaka ndani unaona mikanda ya mwanga tu, ukuta kama haupo. Lilifunguliwa 1930. Aliyelichora ni Erich Mendelsohn, ila mimi aliyeninyima usingizi ni mwenye duka, Salman Schocken.

Huyu mzee Myahudi kazaliwa 1877 Margonin, kamji ambako siku hizi ni Poland, na shule hakusoma sana. Yeye na kaka yake Simon biashara yao ilikuwa na makao Zwickau, mji wa Ujerumani, kwa wachimba makaa ya mawe na watu wa viwandani, na wateja ndo hao hao, mama anakuja na visenti vyake anataka soksi, sufuria, kitambaa cha shuka, bei imeshaandikwa hakuna kupatana. Mdogo mdogo wakafika Nuremberg, Stuttgart, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 30 maduka karibu 20. Simon alifariki 1929, ajali ya gari, Salman akabaki na mzigo wote.

Sasa faida ya soksi ilikuwa inaenda wapi? Vitabu bwana! Jamaa alikuwa na ugonjwa wa vitabu, hasa vya Kiebrania vya kale. Kuna mwandishi anaitwa Agnon, 1924 nyumba yake iliungua na miswada yake humo humo (mimi simu ikifutika tu nalia), na Salman ndo alikuwa anamtumia hela ya kuishi ili aandike tu, miaka na miaka. Agnon akaja kupata Nobeli 1966, mzee alishakufa 1959. Na 1931 Salman akafungua kabisa kampuni ya kuchapisha vitabu, Berlin.

Tarehe 1 Aprili 1933 Wanazi wakasimamisha watu wao kwenye milango ya maduka ya Wayahudi kuzuia wateja. Salman hakukaa sana, akahamia Jerusalem. Maduka wakamnyang'anya 1938, wakayabandika jina jipya, Merkur. Vitabu lakini hawakuvipata, vilishatoka, na nyumba ya kuviweka huko Jerusalem aliichora Mendelsohn yule yule.