Mguu wa R ulivyonifundisha kuitambua Helvetica

Bango nililolisanifu kwa Helvetica, fonti (yaani mtindo wa maumbo ya herufi) niipendayo, lilirudi kutoka kwa mchapaji likiwa na sura ngeni. Mistari ilikatika palepale nilipoikata, hakuna neno lililosogea, ila maandishi yalikosa ule utulivu niliouzoea. Nililitazama jioni nzima nisione kasoro iko wapi.

Kesho yake nilizikuza herufi kwenye skrini, nikazilinganisha na za bango, moja baada ya nyingine. R ndiyo iliyofichua siri. Mguu wa R ya Helvetica hujipinda kidogo kisha ukashuka karibu wima. Huu wa bango ulinyooka mshazari. Kichwa cha t nacho kilikatwa mshazari, na G haikuwa na kile kipande kinachochomoza chini kulia. Kumbe ilikuwa Arial, fonti nyingine!

Robin Nicholas na Patricia Saunders waliichora Arial mwaka 1982 katika kampuni ya Monotype, upana wa kila herufi ukiwa sawa na wa Helvetica. Ndiyo maana kompyuta isiyo na Helvetica huweza kuweka Arial mahali pake na mistari isitikisike. Nami nilikuwa nimetuma faili bila kupachika fonti ndani yake.

Nikataka kujua ule utulivu unatoka wapi. Mwaka 1956 Eduard Hoffmann, aliyeongoza kiwanda cha herufi cha Haas nchini Uswisi, alimpa Max Miedinger kazi ya kuchora fonti ya kushindana na Akzidenz-Grotesk ya Wajerumani. Waliiita Neue Haas Grotesk. Jina Helvetica, lenye asili ya jina la Kilatini la Uswisi, lilikuja mwaka 1960. Angalia c, e na s: ncha zake hukatwa sambamba na mstari wa maandishi, kwa hiyo weupe ulio ndani ya herufi hushikwa kama maji kwenye kikombe. Kwangu hapo ndipo uzuri wake ulipo, na udhaifu wake pia, maana maandishi yakiwa madogo ncha hukaribiana mno, c ikafanana na o. Maelezo ya chini ya bango niliyaongezea nafasi kati ya herufi.

Safari ya pili nilipachika fonti, na vichwa vikubwa nikavigeuza kuwa michoro kabisa. Bango lilipofika sikusoma hata neno. Nilitafuta R ya kwanza, nikaukuta mguu wake umeshuka wima.