Siku moja na hojaji ya maji, Kisauni

Saa mbili asubuhi. Hakuna swali linaloandikwa kabla ya kuchora majedwali ya ripoti yakiwa matupu. Yako manne: kaya hupata maji wapi, hutumia kiasi gani, hulipa shilingi ngapi, hukaa siku ngapi mfereji ukiwa mkavu. Swali lisilojaza jedwali lolote linaachwa, hata kama linavutia. Wanaoanza kazi hii hukimbilia maswali, wakaishia na themanini wasiojua majibu yake watayafanyia nini.

Saa tatu na nusu. “Je, maji yenu ni safi na ya bei nafuu?” Hayo ni maswali mawili. Anayepata maji safi kwa bei ghali ajibu ndiyo au la? Tunayatenganisha. Halafu lipo neno “safi” lenyewe: mwenye kisima cha chumvi uani anaweza kulichukua kuwa maji matamu, wala asifikirie vijidudu. Na kuna kaya zinazonunua matamu ya kunywa, zikafulia ya chumvi. Ukiwauliza “chanzo kikuu”, huyu atakutajia mkokoteni, yule kisima, na wote wanaishi vilevile. Kwa hiyo: maji ya kunywa mnayatoa wapi? Ya kufulia na kuogea je?

Matumizi ya mwezi mzima hatuulizi, maana mhojiwa atakisia tu. Tunauliza mitungi mingapi ilinunuliwa jana, kisha bei ya mtungi mmoja. Mhoji aombe kuuona huo mtungi, kwa sababu wa lita 10 na wa lita 20 yote huitwa mtungi. Idadi iandikwe kama ilivyotajwa. Ukiweka mafungu ya “1 hadi 5” na “5 hadi 10”, mwenye mitungi 5 ana nyumba mbili.

Saa sita. Mpangilio: ridhaa mwanzo, maswali mepesi yafuate, kipato mwisho kabisa. Asiyenunua maji aruke kutoka swali la 7 hadi la 11. Maagizo ya kuruka tunayapitia kwa kidole, njia moja baada ya nyingine.

Saa nane mchana. Majaribio, kaya 10 ambazo hazimo kwenye sampuli, yaani kaya zilizochaguliwa kwa utafiti wenyewe. Hapa ndipo hojaji inapopimwa kwa haki, na mtu asiruke hatua hii kwa kisingizio cha muda. Hodi, karibu, swali linasomwa neno kwa neno.

“Mama, nyumba hii ina watu wangapi?”

“Kumi na tisa, mwanangu.”

Amehesabu wapangaji wa vyumba vyote sita. Hakukosea; swali ndilo lililokosea. Linageuka: wangapi wanalala hapa na kula chungu kimoja nawe?

Mlango wa pili, maji hutoka saa ngapi? “Saa nane.” Mhoji akaingiza 08:00 kwenye simu. Saa nane ni 14:00 au 02:00, na kwa anayeamka usiku kukinga maji tofauti hiyo ni kubwa mno. Tunaongeza swali dogo: ya mchana au ya usiku?

Saa kumi na moja jioni. Mahojiano yamechukua dakika 35, na baada ya 20 majibu yalikuwa “ndiyo, ndiyo” tu. Maswali tisa yanaondoka. Tafsiri ya Kiingereza inarekebishwa sambamba, na anayeirudisha kwenye Kiswahili ni mtu ambaye hajaiona hojaji ya Kiswahili ya kwanza. Kesho ni kaya 5 nyingine, kwa sababu swali lililorekebishwa ni swali jipya.