Vitufe vya sauti vimekubali, hatimaye

Saa tano usiku, Manyatta, Kisumu. Nimebonyeza F3, kitufe cha kupandisha sauti kwenye laptopu yangu, na sauti imepanda. Nimezima mashine, nimewasha, nimebonyeza tena: imepanda. Nimerudia mara sita kabla ya kuandika hapa, maana kwa wiki tatu vitufe hivi vimekuwa vikifanya kazi leo, kesho vimenuna.

Laptopu ni ya mtumba, prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, inaendesha Debian (aina ya Linux) na i3, programu inayopanga madirisha na kupokea vitufe. Mipangilio ya kitufe cha Fn na ya BIOS (ile ya mashine kabla Linux haijawaka) nilimaliza siku ya kwanza, sirudii.

Kilichonitesa ni kwamba ugonjwa haukuwa na ratiba. Asubuhi vinaitika. Jioni stima inapotea, betri iliyochoka inazima mashine, nikiwasha tena havisemi kitu. Nikaamini ni vumbi. Nilifungua kibodi, nikaisugua kwa spiriti na brashi ndogo, nikakagua utepe wake chini ya tochi ya simu, pini kwa pini. Hakuna ufa. Fundi mmoja mjini akaniambia, "Ndugu yangu, weka kibodi mpya tu." Nilibaki kidogo nitoe pesa.

Aliyeniokoa ni xev, programu inayoonyesha namba ya kila kitufe unachobonyeza. (Zima kwanza mstari wa bindsym, ule unaoiambia i3 kitufe kiite amri gani, la sivyo i3 inakimeza kitufe kabla xev haijakiona.) Kupandisha ni 123, kushusha 122, kunyamazisha 121, kila nikibonyeza, hata siku ambazo vitufe "vimekufa". Kisha evtest, inayosoma kibodi moja kwa moja kutoka kwa kernel (kiini cha Linux), ikasema 115 badala ya 123, nikapoteza jioni nzima nikidhani nimemshika mwizi. Kumbe X, mfumo wa madirisha ambao xev inausoma, huongeza 8 juu ya namba za kernel. Kibodi haikuwa na kosa lolote.

Jana nikaviacha vitufe, nikaandika kwenye terminali amri yenyewe ambayo i3 huiita nikivibonyeza: `amixer -c 0 set Master 5%+`, yaani pandisha sauti kuu (Master) ya kadi namba 0. Ikalalamika kwamba haioni kidhibiti kinachoitwa Master. Nikafungua `/proc/asound/cards`, orodha ya kadi za sauti. Namba 0: HDMI, ya kupeleka sauti kwenye TV. Namba 1: PCH, ya spika za laptopu.

Nilisimama nikazunguka chumba. Mashine hii ina kadi mbili za sauti, na ile ya HDMI haina Master kabisa. Kernel hugawa namba kadiri kadi zinavyojitokeza wakati wa kuwaka. PCH ikitangulia, vitufe vinaitika. HDMI ikitangulia, amri inabisha kwenye nyumba isiyo na mtu, na i3 haionyeshi kosa popote. Hilo la mwisho linaniudhi hadi sasa. Amri ikishindwa, niambie imeshindwa! Na ile sifuri niliinakili kutoka kwa mipangilio ya mtu mwingine zamani, sikuwahi kuuliza inamtaja nani.

Ningeweza kuandika `-c PCH`, kwa kuwa jina halihami kama namba. Lakini nikichomeka spika za USB ningerudi palepale. Nilijaribu pactl, amri nyingine ya sauti, nayo inafuata kadi inayotumika, ila inavuka asilimia 100 bila breki. Mama wa nyumba ya pili akagonga ukuta: "Kijana wangu, leo kuna harusi?" "Pole sana mama, nilikuwa natengeneza." Kwa hiyo nimetulia na huu:

`wpctl set-volume -l 1.0 @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 5%+`

Hiyo `-l 1.0` ndiyo breki. Anayetumia PipeWire, mfumo wa sauti ambao wpctl inauongoza, sioni kwa nini aendelee na amixer kwa kazi hii.

Wiki hii nilipanga kushughulikia vitufe vya mwangaza. Vitangoja. Nimepata redio mbovu pale soko la Kibuye yenye kinobu kizito cha chuma, na nataka kukizungusha badala ya kubonyeza. Pro Micro ninayo, kibao kidogo cha elektroniki unachokiprogramu, kinajua kujifanya kibodi ya USB. Shida ni kwamba kinobu cha redio ni potenshometa, kinagota mwisho. Nahitaji enkoda inayozunguka bila kikomo. Jumamosi narudi kutafuta redio ya gari iliyokufa.