Nimerudi, na jibu langu kwa mnaotaka kutuma ada

Tangu nirudi Tanzania baada ya miaka mingi ughaibuni, simu yangu haikauki ujumbe wa aina moja: "Dada, wewe sasa uko huko. Nitafutie binti mmoja wa kumsomesha, ada nitatuma kila muhula." Wanaoandika ni watu wema, na wengi tuliondoka kipindi kilekile. Niwajibu wote hapa.

Ada ipi? Sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vikafutiwa. Sisi tuliondoka enzi za mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa kudaiwa, na Tanzania tunayoisimulia ni ile. Anayeacha shule leo anaangushwa na mengine, na mimi naanza na umbali.

Sekondari nyingi za kata ni za kutwa. Binti anayeishi mbali ama anatoka alfajiri kwa miguu na kurudi giza likiingia, ama anapanda bodaboda asiyo na nauli yake, ama anapanga chumba karibu na shule pamoja na wenzake. Mageto hayo ndiyo yananitia hofu. Mtoto wa miaka 15 anajipikia, anajilinda, sabuni ikiisha hana wa kumwambia, na wa kujitolea "kumsaidia" hakosekani. Mara nyingi ni yuleyule anayempa lifti njiani. Sheria ipo: tangu 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini kesi huanza binti akiwa ameshaumia. Kitanda kwenye hosteli yenye matroni kingemkuta kabla.

Halafu kuna hedhi. Serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. (Wapenda mabishano ya kodi, hapo mna usiku mzima.) Ninachojua ni kwamba choo chenye maji na mlango unaofungwa kinambakiza binti darasani, na sijaona mtu akikichangishia kwenye kundi letu la WhatsApp. Choo hakipigwi picha ya kupendeza.

Jambo moja nililolikuta limenifurahisha kweli. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake aliyepata mimba hatarudi shuleni. Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanaweza kurudi, tena kwenye shule za kawaida. Sikutegemea kuliona hilo mapema hivyo. Ila waraka haulei mtoto. Bibi akiwa na kibarua chake, huyo mama mdogo anarudi shule akiwa amemwachia nani?

Ndiyo maana nimevutiwa na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa kuiga mfano wa Sweden. Viko zaidi ya 50 nchini, na nikivitaja kwenye simu wengi wenu mnadhani naongelea VETA, vile vya ufundi stadi. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, msichana aliyekatishwa masomo anasoma sekondari, anajifunza fani na ujasiriamali, na mtoto wake ana mahali pa kulelewa chuoni hapohapo. Miradi mingine humtaka achague: ama daftari ama biashara. Maisha yake hayajagawanyika hivyo.

Kuhusu biashara, hapa nitawaudhi baadhi: punguzeni vyerehani. Kila mfadhili anagawa cherehani, kisha mafundi wote wa mtaa mmoja wanagombea sare za Januari. Fedha za mtaji zipo karibu zaidi kuliko mnavyofikiri. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Kipengele kigumu ni kwamba wanawake na vijana hukopeshwa kupitia vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi kinatakiwa kuwa na katiba, akaunti ya benki na andiko la biashara. Aliyeishia kidato cha pili, mtoto mgongoni, anakwama kwenye andiko. Mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, hamwulizi katiba. Anampa fedha siku hiyohiyo, na marejesho yakichelewa anabeba godoro.

Kwa hiyo ninyi wahasibu mlioko huko, ambao mna wikiendi: jioni mbili tatu kwa video, kaeni na kikundi kimoja muandike andiko, muwafundishe daftari la mauzo na matumizi. Na anayetaka kutoa fedha, alipie hosteli ya mwaka mzima badala ya kukatiza muhula wa pili, maana binti aliyetolewa hosteli katikati ya mwaka anaishia kwenye geto.

Mmoja amekwisha kuniuliza risiti atapata kwa nani. Kwa mhasibu wa shule, yenye muhuri. Fedha isipite kwenye simu ya mjomba, wala kwenye yangu.