Nilivyomudu kuandika msimbo wa kifuko bandia cha kongosho

Mimi ni afisa kumbukumbu za afya katika hospitali ya mkoa hapa Tanzania. Mgonjwa akikaribia kuruhusiwa, faili lake hufika mezani kwangu, nami huyageuza maandishi ya daktari kuwa misimbo ya ICD-10, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa. Malaria na nimonia hupita haraka. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, ndilo lililonisumbua kwa muda mrefu, hasa pale daktari alipoandika "sisti ya kongosho", yaani kifuko chenye majimaji, akaishia hapo.

Kitabuni, sisti ya kongosho ni K86.2. Kifuko bandia, ambacho madaktari wetu hukiita sudosisti, ni K86.3. Namba zimekaa jirani, lakini vitu vyenyewe ni tofauti. Sisti halisi ina utando wa seli zake upande wa ndani. Kifuko bandia hakina utando huo. Ni majimaji ya kongosho yaliyovuja yakakusanyika nje ya njia yake, mwili ukayazungushia ukuta wa kovu. Majimaji hayo huwa na kimeng'enya cha amilesi kwa wingi. Mara nyingi chanzo ni kongosho kuvimba, iwe ghafla au kwa hali sugu, na nyuma yake mna pombe au mawe ya nyongo. Kwa watoto, sababu kubwa ni kuumia tumbo, kwa mfano mtoto akiangukia usukani wa baiskeli.

Aliyenifungulia njia ni daktari wa upasuaji wa wodi yetu. Nilimfuata na faili mkononi: "Samahani daktari, hii sisti uliyoandika ni halisi au ni bandia?" Badala ya kunijibu, aliniuliza mgonjwa alianza kuumwa lini. Kisha akanieleza kwamba ukuta wa kifuko bandia huchukua takribani wiki 4 kukomaa tangu kongosho lilipovimba. Ndivyo uainishaji wa Atlanta, mwongozo wa madaktari wa kupanga aina za kuvimba kwa kongosho, uliorekebishwa mwaka 2012, unavyosema. Majimaji yaliyoonekana kwenye ultrasaundi wiki ya pili bado hayajafikia kuitwa kifuko bandia. Na ikiwa ndani kuna nyama za kongosho zilizokufa, hilo nalo ni tatizo jingine lenye jina lake na tiba yake.

Tangu siku hiyo, nikifungua faili la kongosho natafuta tarehe kwanza. Maumivu yalianza lini, alilazwa lini mara ya kwanza, picha ya CT ilipigwa lini. Halafu nasoma ripoti ya picha kuona wameueleza vipi ukuta na kilichomo ndani. Ripoti hiyo hainipi ruhusa ya kubadilisha utambuzi wa daktari. Hilo nalishika sana. Inanipa swali la kumpelekea, naye akikubali anaandika mwenyewe na kusaini.

Baada ya hapo naingia kwenye faharasa ya kialfabeti, ambayo ni juzuu ya 3, ndipo nahakikisha katika juzuu ya 1. Usiruke hatua ya pili hata kama namba umeikariri. Chini ya neno sudosisti utakuta na la mapafu, J98.4, na la retina ya jicho, H33.1. Jina ni lilelile ila kiungo si hicho.

Halafu kuna suala la mpangilio. Mgonjwa akilazwa kwa sababu ya kifuko chenyewe, K86.3 ndiyo hali kuu, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya ahitaji matibabu. Chanzo nakiandika pembeni kama hali nyingine: K86.0 ikiwa ni kuvimba sugu kwa kongosho kulikotokana na pombe, K86.1 kwa kuvimba sugu kwenye sababu nyingine. Wapo wanaoona kuandika chanzo ni kujiongezea kazi. Mimi naona bila chanzo takwimu zetu hazimwambii mganga mkuu wa mkoa lolote kuhusu pombe.

Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu ya mgonjwa mwenyewe. Vifuko bandia vingi hunywea vyenyewe, na daktari anaweza kumfuatilia mtu kwa picha tu asimguse. Hutolewa maji, kwa endoskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi kwenye tumbo la chakula) au kwa upasuaji, pale vinapoleta maumivu, vinapopata maambukizi au vinapobana njia ya chakula au ya nyongo. Lakini baadhi ya sisti za kongosho ni uvimbe unaoweza kugeuka saratani, na misimbo yake iko sura nyingine kabisa, kama D13.6 kwa ule usio saratani. Mtu asiye na historia ya kuvimba kongosho wala kuumia tumbo, halafu faili lake linasema kifuko bandia, huyo nampelekea daktari siku hiyohiyo kabla hajapewa karatasi ya kuruhusiwa.

Sasa hivi madaktari wa wodi yetu wameanza kuandika wenyewe: kifuko bandia, baada ya kuvimba kwa kongosho, tarehe fulani, chanzo fulani. Mstari mmoja tu, nao unanitosha. Kwa wanafunzi wanaokuja mafunzo kwa vitendo, faili la kongosho nawapa wiki ya mwisho, wakishazoea kumfuata daktari na kumuuliza bila woga.