Kontena la Chupa za Chai

Juzi nilikuwa Kariakoo na binti yangu, tunamnunulia bibi yake chupa ya chai. Nikaiinua, nikaitikisa taratibu sikioni. "Baba, unasikiliza nini?" Nikamwambia nasikiliza kama kioo cha ndani ni kizima. Akataka kujua nani alinifundisha. Nilimjibu kwa mkato, lakini Bi Mkubwa hajanitoka kichwani tangu hapo.

Ni enzi zile za godauni la Vingunguti. Mlango wetu ulitosha magari mawili, ila bosi hakuruhusu gari lolote lipakiwe mpaka kontena lishushwe lote, liandikwe lejani na makatoni yapangwe hadi ukuta wa nyuma. Aliogopa wizi, na sikumlaumu: mzigo unaoingia ukichanganyika na unaotoka, hesabu inapotea. Lakini Fuso ya Mbeya inashinda nje, dereva kajilaza uvunguni, na kesho yake makatoni yaleyale yanabebwa tena kutoka nyuma. Kontena tupu likichelewa kurudi, kampuni ya meli ilikuwa inadai demareji, yaani tozo ya ucheleweshaji, tena kwa dola. Dawa ya bosi ilikuwa kuongeza deiwaka, vibarua wa kutwa. Wakiongezeka, wanapigana vikumbo mlangoni.

Bi Mkubwa alikuwa karani wetu wa kuhesabu mzigo. Asubuhi moja ya masika, kontena la futi 40 likiwa limeshaegeshwa, alimwambia bosi, "Mwanangu, niachie leo tu. Ikishindikana, kesho rudi kwenye utaratibu wako." Bosi akanyamaza. Yeye akachukulia kakubaliwa.

Akaagiza Fuso irudi nyuma ubavuni mwa kontena, mlango uleule. Kisha akapiga magoti na khanga yake, akachora sakafuni kwa chaki: Mbeya, Mwanza, Kariakoo, na kisanduku kidogo chenye msalaba. Oda zote alishazinakili jioni kwenye daftari. Akanisomea namba ya lakiri, nikailinganisha na karatasi, kijana mmoja akaikata. Mlango ulipofunguka, joto lililofungiwa humo likatupiga usoni pamoja na harufu ya makatoni.

Katoni ya kwanza ikatoka begani mwa kijana. "Simama, baba." Akaiinamisha kidogo, akaweka sikio. Ndani ikalia chekechekeche. "Hii imekufa. Msalabani." Ya pili akaisikiliza muda mrefu zaidi, macho kayafumba, sote tumesimama tunamsubiri yeye. "Nzima. Mbeya." Ikapita kwenye kisanduku chake, ikaingia ndani ya Fuso moja kwa moja. Yeye alihesabu zinazotoka kontena, mimi zinazoingia garini, mistari minne na wa tano unaikata. Kila baada ya muda tunalinganisha daftari, tena kwa sauti, bosi asikie. Vijana wakashika mwendo, wakawa wanaitikia wenyewe: "Mbeya! Kariakoo!" Hakuna aliyekimbia. Katoni haikuwekwa chini mara mbili, basi.

Alasiri kontena lilikuwa tupu, hesabu zimelingana, Fuso imeshika njia. Bosi akaagiza soda, na wiki iliyofuata mistari ya chaki ikapigwa rangi.

Wiki hiyohiyo makundi mawili ya deiwaka yakawa moja. Vijana waliokuwa wanafika getini alfajiri wakaambiwa leo hakuna nafasi, na kesho yake hivyohivyo. Bi Mkubwa alimfuata bosi, akaomba angalau wapokezane zamu. Nilikuwepo. Bosi alimsikiliza kwa heshima zote, akamwambia atalifikiria. Hakulitaja tena.

Bado naamini katoni isibebwe mara mbili. Inavunja vyombo, inavunja migongo ya watu, na mteja analipia vyote. Nikiitwa kupanga ghala la mtu nachora mistari ileile, ila kwanza namuuliza mwenyewe, hawa watakaozidi utawapa kazi gani? Mmoja aliwaweka kukagua vilivyovunjika na kufungasha upya vizima vilivyobaki kwenye katoni hizo, na hasara yake ikapungua. Wengine huniambia hilo halinihusu. Mimi naona linanihusu, lakini anayenilipa ni mwenye ghala, na bado sijapata la kumwambia likamkaa.