Pete ya jiwe la kijani na mkono unaokuna nazi

Wifi yangu kaletewa jiwe na mjomba wake anayefanya kazi upande wa Taita, tsavoraiti, kijani ya jani la mwembe likishanyeshewa, dogo tu lakini jamani lang'aa, na tangu lifike hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, hatuna stori ingine. Kila jioni simu yazunguka mkono hadi mkono, tizama hii, tizama na hii, zote pete za kwenye mtandao, jiwe limenyanyuliwa juu kwa kucha nyembamba, vile vijino vya madini vinavyolishika, na kuzungushiwa vijiwe vingine vidogo vidogo. Nzuri, sikatai. Ila mimi nikiangalia picha naangalia na mkono wa wifi, manake mkono huo ndo unaokuna nazi na kukanda unga wa mahamri alfajiri na kuparua samaki, na pete yenyewe ashasema haivui.

Sa kabla ya disaini tujue jiwe lenyewe. Tsavoraiti ni jamii ya ganeti, kundi moja la mawe ya vito, alieipata ni Mskoti mmoja mwanajiolojia, Campbell Bridges, kwanza Tanzania mwaka 1967, halafu miaka michache baadae akaipata huku kwetu karibu na Tsavo, na mwaka 1974 duka la Tiffany la Marekani likaitangaza kwa hilo jina la mbuga yetu. Ugumu wake ni 7 hivi hadi 7 na nusu kwenye kile kipimo cha mawe kinachoishia 10 kwa almasi. Yakuti ni 9. Tanzanaiti wanayoipenda watu ni 6 hadi 7, na hiyo ukiigonga vibaya yaweza kupasuka. Wajua kwa nini namba hizi zina maana kwa mtu wa Lamu? Kwa sababu vumbi na mchanga vina chembe za kwatzi, jiwe la kawaida kabisa mchangani, na kwatzi ni 7, yaani kila ukifuta pete kwa kanga yenye vumbi wasugua jiwe na kitu kinachokaribiana nalo kwa ugumu. Kwa hiyo tsavoraiti ni jiwe la kati, si la kuogopa kuvaa ila si la kuachwa limechomoza juu huko likutane na kila ukuta wa mawe kwenye hivi vichochoro vyetu.

Ndo maana mimi nasimama na ukingo. Nazungumzia ule utepe mwembamba wa fedha au dhahabu unaozunguka jiwe lote halafu fundi anaulaza kidogo kidogo mpaka ulishike. Huku si jambo geni, angalia zile pete za Lamu za vipande vya kauri ya Kichina, vile vigae vya sahani za zamani, mafundi wetu wavishika kwa ukingo wa fedha na havitoki. Wifi akanijibu, "Wewe wataka nivae pete ya babu?" Nikacheka lakini ana hoja, manake kigae hakipitishi mwanga, hata kikizibwa nyuma hakipotezi kitu, lakini tsavoraiti imekatwa pande pande makusudi mwanga uingie juu uzunguke ndani utoke tena. Ukilifunika kote halimeti tena, limelala. Dawa yake ni kumwambia fundi ukingo uwe mfupi na nyuma paachwe wazi. Hapo nyuma pana faida ingine ambayo watu hawaifikirii, mafuta! Mafuta ya nazi na sabuni vyaganda chini ya jiwe na ndivyo vinavyolizima, wala si jiwe limezeeka, na nyuma pakiwa wazi wachukua mswaki laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni wasafisha mwenyewe nyumbani.

Kucha nazo si haramu. Kama ni pete ya harusini na Idi, inavuliwa inarudi kwenye kasha, basi kucha, tena ziwe sita badala ya nne maana moja ikilegea zilobaki bado zimeshika. Ila kila mara uzipitishe kwenye kitambaa, ukiona imenasa uzi ujue kucha imenyanyuka, peleka kwa sonara siku hiyo hiyo.

Na vile vijiwe vya kuzunguka mimi sivitaki kabisa, vimeshikwa na tone la madini tu, unga wa mahamri utajaa humo na kimoja kikidondoka jikoni nani atakitafuta.

Upande wa madini hapo mavyaa ameingia, asema jiwe la kijani lataka dhahabu, tena ya karati 22 kama bangili zake. Rangi ni kweli, kijani juu ya dhahabu na ngozi zetu yapendeza mno. Lakini karati 22 ni laini, bangili haina shida kwa sababu haishiki kitu, kucha za dhahabu hiyo zajikunja haraka. Karati 18, yaani dhahabu robo tatu na robo iliyobaki madini mengine, ndo yenye nguvu ya kushika jiwe. Akikataa kabisa basi ukingo, na uwe mnene. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha tupu kwa kila 1000, nayo yafaa na bei ni nafuu, ila yataka kung'arishwa mara kwa mara manake hewa ya bahari na jasho yaigeuza nyeusi. Shemeji nae kashaanza kutaka yake, ya kwake sina wasiwasi, dhahabu hawavai wanaume, atatengenezewa ya fedha na akiki bapa na yaisha hapo.

Kilichobaki ni kidole. Usipimwe asubuhi na baridi ya kusi, pimwa jioni mkono umeshapata joto, na kama pete ni pana iongezwe kidogo manake pana yabana kuliko nyembamba. Naikazania hii kwa sababu pete ikishakuwa na jiwe kuipanua ni kuirudisha motoni, na fundi mwenye akili hulitoa jiwe kwanza kabla ya kuwasha moto, sa kila kulitoa na kulirudisha ukingo wazidi kuchoka. Pia kabla hajafua chochote mwombe alibandike jiwe kwa nta juu ya kipete cha bure, ulivae hapo dukani, ukunje ngumi, uingize mkono mfukoni au ndani ya buibui uone lanasa wapi. Wifi Jumamosi anaenda kufanya hivyo, na picha zake za simu nimemwambia aende nazo, fundi azione, ila mkono autangulize.